Kijiji kilichofunga mlango wake

Wahenga walisema: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Katika safu hii tumezoea kuwachukua safarini pasipo kuwadai nauli. Juma hili twawaomba mvae viatu imara na koti zito, kwa maana twaenda Uingereza. Tena si London penye jumba la mfalme, bali shamba, katikati ya vilima vya Derbyshire, katika kijiji kiitwacho Eyam. Msisumbuke na herufi zake: wenyeji hulitamka jina hilo "Iim", basi.

Wengi wakisikia habari za Uingereza hufikiri viwanda na moshi. Lakini nchi ile ina vijiji vingi vya kale, na mgeni akifika katika kimojawapo hutafuta kwanza mambo matatu: kanisa la mawe lenye mnara, nyumba ya pombe yenye jina lake mlangoni, na vijia vya miguu vipitavyo kati ya malisho ya kondoo. Sheria ya nchi humruhusu kila mtu kutembea katika vijia hivyo vya watu wote, hata kama shamba lina mwenyewe, mradi afunge lango nyuma yake ili kondoo wasitoroke. Basi nasi tutakwenda kwa miguu, kwa sababu aendaye kwa gari huliona kanisa lakini hauoni mpaka wa kijiji. Na habari ya Eyam ni habari ya mpaka.

Kijiji hiki kiko kaskazini ya London, mwendo wa kilometa 250 hivi, si mbali na mji wa Sheffield uliojulikana duniani kwa visu vyake. Wakaaji wake ni elfu moja hivi. Nchi inayokizunguka huitwa Peak District. Mwaka 1951 ilifanywa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Uingereza nzima. Hapo kale watu wa huko walifuga kondoo juu ya vilima na kuchimba madini ya risasi chini yake. Nyumba ni za mawe, mapaa ni ya mawe, na hata nyua za mashamba ni kuta za mawe yaliyopangwa pasipo udongo wala saruji.

Kanisani na makaburini

Tuanze kanisani, kama ifaavyo. Kanisa la Eyam lina jina la Mtakatifu Laurenti. Msingi wake uliwekwa zamani, Waingereza wote walipokuwa bado Wakatoliki. Tangu karne ya 16 ni mali ya Kanisa la Kiingereza. Uwanjani, kati ya makaburi, umesimama msalaba wa jiwe uliochongwa katika karne ya 8, kabla England haijawa ufalme mmoja. Kipande cha nguzo yake kimepotea, hata hivyo mikono yake ingali mizima. Ukutani pana saa ya jua ya mwaka 1775, nayo ni kubwa, yenye mistari mingi kama buku la hesabu.

Karibu na msalaba kuna kaburi la mwanamke kijana. Jina lake ni Catherine Mompesson, aliyekufa tarehe 25 Agosti 1666. Mumewe, William Mompesson, alikuwa mchungaji wa parokia hiyo katika Kanisa la Kiingereza, na kwa hiyo alikuwa na mke na watoto wawili. Katika mwezi ule ule wa Agosti walikufa Eyam zaidi ya watu 70. Lakini mkiyatafuta makaburi yao katika uwanja huu, hamtayaona ila machache mno. Yako wapi? Mtayaona njiani: moja katika bustani, jingine nyuma ya ghala, saba pamoja katikati ya malisho. Kwa nini Wakristu hawa hawakuzikwa kanisani kwao? Hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Nguo kutoka London

Mwaka 1665 tauni iliishika London. Waliohesabiwa katika vitabu vya mji kuwa wamekufa kwa tauni walipita 68,000, na wengine wengi hawakuhesabiwa. Eyam ilikuwa mbali, tena hewa yake ni safi, nani angeogopa? Mwishoni mwa kiangazi hicho mshona nguo mmoja, Alexander Hadfield, aliletewa mzigo wa nguo kutoka London. Nguo zilikuwa na unyevu. Msaidizi wake, George Viccars, akazitandaza mbele ya moto zikauke. Inasadikiwa kwamba humo mlikuwa viroboto, nao walikuwa na ugonjwa. Viccars akafa tarehe 7 Septemba 1665. Baada yake wakaanza kufa watoto wa nyumba ile, kisha majirani wa kushoto na wa kuume. Nyumba hizo zingali zimesimama karibu na kanisa, na mbele yake vimewekwa vibao vyenye majina ya waliokufa ndani. Tulisimama tukavisoma, na mwenye nyumba akatoka kumwagilia maua yake akatusalimu kwa furaha. Maisha huendelea hata mlangoni pa msiba.

Mwisho wa mwaka ule watu zaidi ya 40 walikuwa wamekufa. Wakati wa baridi ugonjwa ukapungua; watu wakapumua wakidhani yamekwisha. Masika yalipopita ukarudi kwa nguvu. Mwezi wa Juni 1666 wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuondoka, na wengine walikuwa wakifunga mizigo. Mahali pa kukimbilia palijulikana: Sheffield, Bakewell, na vijiji vya bonde. Lakini kila aliyekimbia angeweza kuichukua tauni katika nguo zake.

Mompesson hakuwa mtu wa siku nyingi pale. Alikuwa kijana, hajatimiza miaka 30, na watu hawakumpenda sana. Waliyempenda ni yule aliyemtangulia, Thomas Stanley, aliyeondolewa katika kazi kwa sababu alikataa kitabu cha sala kilichoamriwa na serikali. Wachungaji hawa wawili hawakupatana katika mambo ya ibada. Mmoja alikuwa na cheo, mwingine alikuwa na mioyo ya watu. Twaomba wasomaji walitie jambo hili moyoni: Mompesson alimwendea Stanley, wakashauriana, kisha wakasimama pamoja mbele ya kijiji. Lau kila mmoja angaling'ang'ania heshima yake, hakuna neno ambalo lingalisikiwa.

Walitaka mambo matatu. La kwanza, kila jamaa izike wafu wake yenyewe, upesi, karibu na nyumba, pasipo matanga wala kwenda makaburini. La pili, kanisa lifungwe, na ibada ifanyike nje. La tatu, ndilo zito kuliko yote: mtu yeyote asitoke kijijini mpaka tauni iishe.

Watu wakakubali.

Jiwe lenye mashimo

Tukitoka kijijini kwa njia ya kusini tunafuata kijia kishukacho kuelekea Stoney Middleton. Katikati ya majani kuna jiwe kubwa, lina mashimo sita juu yake. Hili ndilo jiwe la mpaka. Watu wa Eyam walitia fedha katika mashimo hayo na kuzimwagia siki, wakiamini siki huua sumu ya ugonjwa. Majirani wa Stoney Middleton walileta mikate na vitu vingine, wakaviweka, wakachukua fedha zao na kurudi. Upande wa kaskazini kuna kisima kiitwacho Kisima cha Mompesson, nako ilifanyika vivyo hivyo: fedha zilioshwa kwa maji yatiririkayo. Tena, Mtawala wa Devonshire, aliyekaa katika jumba kubwa la Chatsworth upande wa kusini-mashariki, alitoa chakula na dawa kwa ajili ya kijiji.

Mashimo ya jiwe lile yamekuwa laini kwa sababu ya mvua na kwa vidole vya watoto wa wageni. Sisi pia tulitia vidole. Tukafikiri juu ya mama aliyeshuka mpaka hapa asubuhi, akaona paa la dada yake ng'ambo ya pili ya shamba, akatia fedha shimoni, akapanda tena kwenda juu.

Inasimuliwa pia habari ya msichana wa Eyam, Emmott Sydall, na mchumba wake Rowland Torre wa Stoney Middleton. Walikuwa wakionana kwa mbali, kila mmoja upande wake, bila kukaribiana. Mwezi wa Aprili 1666 msichana akaacha kuja. Kijana hakujua sababu mpaka njia zilipofunguliwa, naye, kama wasemavyo wenyeji, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kijijini.

Mama wa Riley

Mashariki ya kijiji, mwendo wa nusu saa kwa mguu usio na haraka, malisho yanapanda kilima. Katikati yake kuna ukuta mdogo wa mviringo, na ndani ya ukuta kuna mawe ya makaburi. Mahali hapa ni Riley. Hapa walikaa jamaa ya Hancock. Tangu tarehe 3 hata tarehe 10 Agosti 1666, Elizabeth Hancock alizika mumewe na watoto wake sita. Siku nane, makaburi saba. Alichimba mwenyewe, akawavuta mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Yeye hakuugua.

Tulivua kofia. Upepo ni mwingi juu ya kilima hicho, na kondoo hula majani mpaka chini ya ukuta. Bonde lote linaonekana kutoka pale, pamoja na mapaa ya Stoney Middleton ambako hakuna aliyekufa kwa sababu ya mama huyu. Lakini nani aweza kumwambia maneno hayo mama aliyeshika jembe la namna hiyo? Twasema wepesi kwamba watu wa Eyam walijitoa sadaka. Neno ni zuri. Juu ya Riley mtu huona sadaka hiyo ilikuwa na majina, na mengine yalikuwa majina ya watoto ambao hakuna aliyewauliza.

Tuseme kweli yote, kwa maana habari nzuri haiogopi kweli. Kabla njia hazijafungwa, Mompesson aliwaondoa watoto wake wawili na kuwapeleka mbali. Mkewe alikataa kumwacha, akabaki, akafa. Baadhi ya matajiri walikuwa wamekwisha kukimbia. Tena waganga wa siku hizi husema kwamba kuwafungia wazima pamoja na wagonjwa mahali pamoja kuliwaponza wengi ambao labda wangaliokoka. Kijidudu cha tauni kilikuwa hakijulikani. Alexandre Yersin alikigundua mwaka 1894, huko Hong Kong. Uchunguzi wa hesabu za Eyam uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wagonjwa waliambukizwa na watu wenzao, si na viroboto vya panya tu. Ndiyo sababu jamaa moja iliweza kwisha yote katika juma moja. Wale wachungaji hawakuwa na elimu hiyo. Walikuwa na jambo moja tu walilolijua hakika: tukitoka, wengine watakufa. Kwa hilo wakakaa.

Bonde la ibada

Karibu na kijiji kuna bonde dogo lenye majani, Cucklet Delf. Ubavuni mwake mna mwamba wa chokaa uliotobolewa na maji, wenye matao kama ya kanisa. Mchungaji alisimama katika tao na kuhubiri, na watu wakasimama mbali mbali bondeni, kila jamaa peke yake. Yasemekana kila Jumapili Mompesson aliweza kuona waliopungua kwa kutazama mahali palipo wazi.

Mtu wa mwisho alikufa tarehe 1 Novemba 1666. Kwa miezi kumi na minne walikuwa wamekufa watu 260 kwa hesabu ya kawaida. Nguo na vyombo vya nyumba vikachomwa moto. Mompesson alipata parokia nyingine, Eakring katika Nottinghamshire, akaondoka miaka michache baadaye. Mpaka leo, kila Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu hukusanyika katika bonde lile kwa sala ya kumbukumbu. Na kanisani kuna dirisha la vioo vya rangi, lililowekwa mwaka 1985, linalosimulia mambo yote tuliyoyaandika.

Nyumba mbili za pombe

Sasa miguu imechoka na koo limekauka. Msomaji mmoja atatucheka: je, gazeti la jamaa za Kikristu lawapeleka watu kwenye pombe? Sikilizeni kwanza. Nyumba ambayo Waingereza huiita pub si kama zile baa zetu zenye muziki wa kupasua masikio. Ni kama baraza ya kijiji. Mzee hukaa pembeni pa moto na mbwa wake, wakulima huongea juu ya bei ya kondoo, baba na mama huja na watoto kula chakula cha mchana. Walevi wako huko pia, kama kila mahali, na machozi ya wake zao ni yale yale ya huku. Lakini anayetaka kujua habari za kijiji, na aagize kikombe kimoja na kusikiliza.

Majina ya nyumba hizo yafurahisha. Mwaka 1393 mfalme Richard wa Pili aliwaamuru wauza pombe wa London watundike alama mlangoni. Na kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, wakachora picha: simba, taji, kengele, jembe. Picha hizo zingalipo katika Uingereza nzima. Ya Eyam huitwa Miners Arms, yaani ngao ya wachimba madini, nayo ilijengwa mwaka 1630. Hesabuni wenyewe: tauni ilipoingia, nyumba hii ilikuwa imekwisha kusimama miaka 35. Dari yake ni ya chini, na mtu mrefu huinamisha kichwa apende asipende.

Ya pili ni Barrel Inn, yaani nyumba ya pipa, iliyoko juu kabisa, mahali paitwapo Bretton, karibu mita 400 juu ya bahari. Ni ya mwaka 1597. Kutoka mlangoni pake macho hufika mbali kupita vilima na mabonde. Tuliketi pale tukala mkate, jibini na supu ya moto. Tukatazama mapaa ya Eyam chini yetu, madogo kama punje za mahindi, tukaona jinsi nafasi ile ilivyo ndogo. Mtu aliyefungiwa humo aliuona ulimwengu wote uliobaki; ulikuwa mbele ya macho yake kila siku.

Nyumba hizi nazo zinapungua. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na pub 60,000 hivi. Miaka ishirini baadaye hazikufika 50,000. Watu hununua vinywaji dukani na kunywa nyumbani mbele ya televisheni. Wanakijiji husikitika, na si kwa ajili ya pombe. Baraza ikifungwa, nani atajua kwamba mzee fulani hajaonekana siku tatu?

Tideswell na Padley

Kwa mwenye siku ya pili, kuna mahali pawili pa kutazama. Upande wa magharibi kuna Tideswell, na kanisa lake kubwa la karne ya 14 liitwalo na watu "kanisa kuu la Peak". Mbele ya altare amezikwa Askofu Robert Pursglove, aliyenyang'anywa cheo chake kwa sababu alikataa kuapa kwamba malkia Elizabeth ndiye mkuu wa Eklezia. Alirudi kwao, akaanzisha shule mwaka 1560, akafa karibu miaka ishirini baadaye. Juu ya kaburi lake wamemchora katika shaba akivaa mavazi yote ya Misa, wakati Misa yenyewe ilikuwa imekatazwa nchini.

Huko Tideswell alikuwa mwalimu wa shule, Nicholas Garlick. Aliiacha kazi, akaenda ng'ambo kusomea upadri, akarudi kwa siri. Sheria ya mwaka 1585 ilisema kwamba padri aliyepewa daraja ng'ambo, akionekana Uingereza, ahesabiwe mhaini. Na anayempokea nyumbani mwake anastahili kufa. Tarehe 12 Julai 1588 askari waliingia Padley, nyumba ya jamaa ya Fitzherbert, wakamkuta Garlick na padri mwenzake Robert Ludlam. Tarehe 24 ya mwezi ule ule waliuawa mjini Derby, pamoja na padri wa tatu, Richard Simpson. Huyu alikuwa amelegea kwa hofu na karibu kukana, lakini wale wawili walimtia moyo gerezani. Mwaka 1987 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wote watatu kuwa wenye heri.

Nyumba ya Fitzherbert imebomoka. Kwenye majani huonekana misingi tu. Kilichobaki ni jengo la lango, na juu yake kikanisa. Kwa muda mrefu kilikuwa ghala, ng'ombe chini, majani makavu juu. Wakatoliki walikinunua mwaka 1931 na kukifungua kwa ibada mwaka 1933. Kila mwezi wa Julai mahujaji hupanda njia ile wakisali. Kutoka Eyam hata Padley ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mlango mmoja ulifungwa ili jirani asife. Mlango mwingine ulifunguliwa kwa mgeni aliyewindwa, na wenye nyumba walijua wangeweza kufa kwa ajili yake.

Tunarudi nyumbani

Safari nzuri humrudisha mtu kwao na macho mapya. Sisi tulipokuwa Riley, tulifikiri habari za kwetu. Tauni haijaisha duniani: Ituri ingali ikipata wagonjwa wake, ingawa leo kuna dawa ziponyazo kama mgonjwa akiwahi. Tena wasomaji wa Beni, Butembo na Mambasa hawana haja ya kufundishwa na Eyam. Toka Agosti 2018 hata Juni 2020 waliona Ebola ikichukua watu 2,287. Wao wanajua maana ya kunyimwa kumwosha baba yako, na kumtazama akizikwa na watu waliofunikwa uso. Wengi walikasirika, wakaficha wagonjwa, wakazika usiku. Tusiwalaumu upesi; uchungu huo ndio ule wa Elizabeth Hancock. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Na wale waliokubali kuhesabiwa, kuchanjwa na kukaa siku 21 bila kutembea waliokoa watu ambao hawatawajua kamwe.

Neno la mwisho ni kwa walio nje ya mpaka. Watu hulisifu jiwe la Eyam kwa sababu ya waliotia fedha. Sisi twaomba wakumbukwe pia wale walioleta mikate. Kijiji hakiwezi kujifungia kama majirani hawakileti chakula. Kitavunja mlango kwa njaa. Jamaa mtaani kwenu ikiambiwa isitoke kwa sababu ya ugonjwa, ninyi mlio wazima mna kazi: wekeni unga, chumvi na maji mahali wanapoweza kuvichukua, mwite kwa sauti, mwarudie kesho.

Jioni hii, baada ya chakula, wasimulieni watoto habari ya jiwe lenye mashimo sita. Kisha waulizeni: nyumba ipi karibu nasi imefungwa siku hizi, na nani anapeleka mkate? Kwa herini, mpaka juma lijalo.